Pipa Tupu la Sinema

Tarehe 4 Machi

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba kwa siku ambazo dereva wa lori anayetubebea barua atachelewa. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti asubuhi, ikifika saa nne anasahau kwamba anasumbuliwa. Mpwa wako ana meno sita na ameanza kutembea. Anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani na hataki imwagike. Shemeji yako ameniambia niandike "anakusalimu sana sana", basi nimeandika yote mawili.

Najua huko machimboni simu zenu zinaachwa getini, na mtandao wenyewe haupandi huo mlima, kwa hiyo sikulaumu. Ila nina jambo, na wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayelipua vitu kwa mshahara.

Wamekuja watu wa sinema. Wamepanga lile ghala la zamani nyuma ya kiwanda cha mbao. Kiongozi wao ni mwanamke mwenye kofia pana, mtaa mzima unamwita Mama Kofia. Alikuja hapa karakanani kumpa shemeji yako kazi ya kukata mapipa thelathini, yapasuliwe yaonekane kama yamelipuka. Wakati wanapatana, akamtazama mabega. "Fundi, hebu tembea mpaka getini." Akatembea. "Hebu rudi." Akarudi. Mimi niko mlangoni na mtoto mgongoni, nacheka mpaka mtoto naye anatikisika. Kumbe yule mama hatanii. Anataka shemeji yako awe yule mtu anayetembea polepole huku ghala zima linalipuka nyuma yake, na yeye hageuki hata kidogo.

Tangu siku hiyo hapa hapakaliki. Kila jioni anatembea kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, na mimi nagonga mifuniko ya sufuria nyuma yake. Akipepesa jicho tunaanza upya. Jirani amekuja mara mbili kuuliza kama kuna ugomvi. Mama hataki hata kuutazama mchezo huo, anatoka akakae nje.

Nacheka, kaka, lakini moyoni nina maswali. Kwenye sinema gari likigonga mti tu, linalipuka. Mbona lori la mbao liligonga nguzo hapa mwaka juzi likatoa moshi kidogo na matusi ya dereva, basi? Halafu mtu anarushwa na mlipuko, anaanguka, anasimama, anajikung'uta vumbi na kuendelea kupigana. Ni kweli? Na ule moto mkubwa wa rangi ya chungwa, mtu anaweza kuukimbia? Umbali gani unatosha?

Mapipa yenyewe yalikuwa ya petroli, lakini ni matupu, nimeyatikisa mwenyewe, hakuna hata tone. Upande huo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni ghala. Mengine yote ukiyaacha, nijibu hili moja: baba mtoto atarudi mzima?

Mdogo wako,
Dodosa


Tarehe 19 Machi

Dodosa mdogo wangu,

Marahaba, zote mbili. Barua yako imefika na vumbi la lori juu yake. Nimeisoma kwa sauti bwenini, wenzangu wakacheka mpaka mpishi akaja na mwiko kuuliza nani ameanguka. Mimi ni mzima. Sikio la kushoto ni lile lile, halijapona wala halijazidi. Mbusu mpwa wangu, na mama mpe shikamoo yangu.

Sasa sikiliza. Mlipuko wa kweli ukiuona utasema umeibiwa. Hauna moto. Una vumbi. Sisi tunatoboa mwamba, tunatia baruti, tunashindilia kokoto juu yake, tunapiga king'ora mara tatu, tunahesabu watu. Kisha mlipuaji anafanya yake. Kwanza jicho linaona mwamba unavimba kama unga uliotiwa hamira. Kisha nyayo zinasikia ardhi inatetemeka. Ndipo sikio linapata mlio, mwisho wa wote. Kwenye sinema vyote vitatu vinafika pamoja, hata kama mtu amesimama ng'ambo ya bonde. Labda huko kwao sauti inapanda pikipiki.

Gari halilipuki kwa kugonga mti. Likiwaka, mara nyingi linawaka kama jiko, linaanza dogo. Petroli ile ya majimaji siyo inayowaka. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Ule moto mnene wa chungwa ni petroli ambayo watu wa sinema wameirusha juu makusudi kwa baruti kidogo, iwake ikipendeza. Ni pambo. Baruti yenye kazi yake haina muda wa kupendeza.

Kukimbia hukimbii. Upepo wa mlipuko umeshakupita kabla hujaamua uanze na mguu gani. Ukiona mtu wa sinema anaukimbia moto na kuushinda, jua moto ndio uliopunguza mwendo kwa heshima yake.

Na hilo la kujikung'uta vumbi. Mlipuko haumchani mtu kama kisu. Unambana kwa hewa, mapafu, tumbo, masikio. Nje anaweza asiwe hata na mchubuko. Nimewahi kumwona mtu akisimama, akajikung'uta suruali, akaomba maji, akasema, "Mbona niko salama?" Haya, tuyaache hayo.

Shemeji asiulize kama ataonekana vizuri. Aulize nani mlipuaji, ana cheti gani, nani anahesabu watu, na king'ora kiko wapi. Kwa kawaida mtembeaji anakuwa mbali sana na moto, kamera ndiyo inayowasogeza karibu. Mlipuaji akiwa mtu makini, shemeji atarudi mzima, na majivuno juu. Hayo majivuno ndiyo yatakayokusumbua.

Kaka yako


Tarehe 27 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Mpwa wako ameongeza jino, sasa ni saba, na amejifunza kusema "hapana" kabla ya kujifunza kitu kingine chochote. Mama amesema amefanana na mimi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, mama na shemeji yako wanasikiliza. Nilipofika kwa yule mtu aliyejikung'uta suruali akaomba maji, mama akainuka, akasema anakwenda kuanua nguo. Kaka, nguo nilikuwa nimeshaanua tangu saa tisa. Alisimama kwenye kamba tupu mpaka nikamaliza kusoma. Nilipomuuliza akasema, "Muulize kaka yako." Basi nakuuliza.

Shemeji yako alimpelekea Mama Kofia maswali yako yote. Mlipuaji wao ni mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ana cheti, ana king'ora, ana daftari, na anahesabu watu mpaka wanachoka. Nasikia hata paka wa ghalani amemwandika. Hapo moyo wangu umetulia.

Lakini jibu lako limezaa swali. Umesema kinachowaka ni mvuke na hewa. Nimekaa na maneno hayo tangu juzi, nikifua nayo, nikipika nayo. Pipa likijaa petroli, hewa itakaa wapi? Na pipa likiwa tupu, si ndilo lenye nafasi ya mvuke na hewa tele? Sasa la kuogopwa ni lipi? Mimi niliishia shule ya msingi, na kipindi cha sayansi kilikuwa baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo nililala sana. Huenda nachanganya mambo.

Nauliza kwa sababu shemeji yako amekata mapipa sita na hakuna lililomsumbua. Hayo sita yalikaa juani mwaka mzima bila vizibo. La saba lilikuwa na kizibo. Akakifungua, akaleta moto wa gesi aanze kukata, na pipa likakohoa. Sina neno jingine. Vuu! Moto wa bluu ukatoka tunduni ukarudi ndani. Nyusi zake sasa zinasimuliwa tu. Yeye anacheka, anasema pipa limempiga busu. Nikamwambia, "Acha hiyo kazi." Akasema, "Mke wangu, mimi nimekata chuma tangu hujazaliwa." Nikamwambia, "Umenizidi miaka minne. Ulianza kukata chuma ukiwa na nepi?" Akacheka, kisha akanuna.

Gesi yake ilimwishia pale pale, hata hilo la saba hakulimaliza. Mtungi mpya unaletwa Jumatano, tarehe 8 Aprili. Yamebaki mapipa ishirini na manne, mengi yana vizibo. Tafadhali kaka, jibu lako lifike kabla ya siku hiyo. Nilikuwa naogopa ghala, na sasa naona nilikuwa natazama upande usio wenyewe.

Mdogo wako,
Dodosa


Tarehe 30 Machi

Dodosa,

Salamu baadaye. Hesabu yako ni sahihi. Pipa lililojaa linawaka, tupu ndilo linalopasuka. Kulitikisa hakusaidii. Kunusa hakusaidii, pua inazoea. Asipeleke moto kwenye hata moja, hata lile lisilo na kizibo. Yale sita ni bahati, si ufundi. Mfichie mtungi, mfungie nje, piga mayowe, fanya lolote. Naandika nyuma ya risiti ya kokoto kwa sababu dereva ameshawasha gari.

Kaka


Tarehe 9 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Jibu lako halijafika. Watu wa barabarani wanasema lori limekatika ekseli mlimani na linangoja chuma kutoka mbali. Naandika hata hivyo, kwa sababu nikikaa nayo peke yangu nitapasuka mimi. Mtoto hajambo. Magoti ya mama yamevimba, na utaona sababu.

Jumatatu nilimwendea mama akiwa anachambua maharage. Sikumuuliza habari ya yule mtu aliyeomba maji. Nilimuuliza swali langu la pipa tupu, vile vile nilivyokuandikia. Akaacha kuchambua. Akaniangalia muda mrefu, mkono wake mmoja bado umo kwenye maharage. Siku hiyo hakula.

Jana mtungi ukaja saa mbili asubuhi. Shemeji yako anavaa glavu, mara mama akatoka na mto wake wa kukalia, akapita katikati ya mapipa, akauweka juu ya lile la saba ambalo limelazwa, akaketi.

"Mama, hapo kuna jua," shemeji yako akasema, kwa adabu zake zote.

"Nalitaka."

"Kuna kutu, nguo itachafuka."

"Itafuliwa, mwanangu."

Akanifuata jikoni. "Mwambie mama yako atoke pale."

"Mama mkwe ni wako. Mwambie wewe."

"Nitamwambiaje mkwe wangu ainuke? Nimvute mkono?"

"Hapo sasa."

Mpaka saa sita mama amekaa, na shemeji yako anazunguka yale mapipa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimempelekea mama maji, nimempelekea kanga ya kujifunika kichwa. Ndipo akasema, bila kumtazama mtu yeyote: "Wewe washa tu, mwanangu. Mimi nimeshamzika fundi mmoja. Huyu wa pili nitamngojea hapa hapa."

Kaka, mimi niliambiwa baba alianguka kutoka kwenye paa. Miaka yote nimesema hivyo kwa kila aliyeniuliza, hata siku ya kuolewa. Na sikio lako niliambiwa ni homa ya utotoni. Mama akatueleza yote akiwa juu ya pipa: baba alitaka kukata pipa tupu liwe la kuwekea maji, na wewe, kijana wa miaka kumi na saba, ulikuwa umelikanyaga lisibiringike. Likapasuka. Baba alirushwa mpaka ukutani, akasimama, akajikung'uta suruali, akaomba maji. Mchana kutwa alikaa na watu wakimpa pole, yeye anawacheka. Mama anasema baba hata alinibeba. Nilikuwa na umri wa mpwa wako huyu. Kesho yake asubuhi hakuamka.

Hawakuniambia ili nisikue na hofu, ndivyo alivyosema mama. Nilitaka kukasirika. Lakini mtoto alikuwa amenishika sketi anataka kubebwa, na ukimbeba mtoto hasira haikai vizuri.

Shemeji yako aliketi chini pale pale, glavu bado mkononi. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Na kazi ya watu? Nimeshawapa neno langu."

Hapo nikasema lililokuja mdomoni. Nikamwambia, "Kwani kwenye sinema kuna kitu gani cha kweli? Hata moto wao kaka kasema ni pambo. Basi na mapipa si yawe ya uongo? Chukua bati jembamba, likunje, ligonge matuta mawili ubavuni, lipake rangi. Nani atajua?"

Akanitazama. Akayatazama mabati yaliyobaki alipotengeneza mlango wa jirani. Kisha akasema, "Yangehitaji rangi ya kutu." Kaka, hilo neno "kutu" nililipenda kuliko barua zote za uchumba alizowahi kuniandikia.

Mama alipoona hivyo akataka kuinuka, akashindwa. Tulimwinua wawili, mkwe wake upande mmoja na mimi upande wa pili, na safari hii alimshika mkono bila kuuliza.

Kufika jioni alikuwa amekunja la kwanza. Leo kalipeleka ghalani. Mama Kofia kaliinua juu kwa mkono mmoja akapiga kigelegele, eti la bati ni jepesi, litaruka vizuri kuliko lile la kweli.

Kwa hiyo usiwe na hofu. Lakini nina ombi. Mama amesema upande wake. Upande wako haujasemwa na mtu.

Mdogo wako,
Dodosa


Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Lori limepona, badala ya kushuka limerudi huku juu jana, na barua yako ndani yake, imekuja na waliomletea dereva ekseli. Mimi nilikujibu tarehe 30 mwezi uliopita. Dereva amenionyesha: bado ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, imekaa mlimani pamoja naye siku kumi na mbili. Nilisimama getini nikiwa na barua yako mkono huu na jibu langu mkono huu. Mlinzi akaniuliza kama naingia au natoka.

Mwambie mama magoti yake nayabusu.

Nina kosa nililokufanyia, nalo silifichi. Barua yako ya kwanza niliisoma bwenini ili watu wacheke. Nikajibu magari, nikajibu moto, nikajifanya mwalimu wa sinema. Ule mstari wa mapipa matupu nilikuwa nimeusoma. Macho yaliupita haraka, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba aliyofiwa. Kesho yake nikawa nimeusahau. Mpaka ulipoandika limekohoa.

Upande wangu ni mfupi. Baba aliniambia, "Hebu litazame kama lina kitu." Nikafungua kizibo, nikachungulia. Nikalipindua, nikalitikisa kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Ni tupu, baba." Akaniamini.

Basi, ndiyo hiyo. Ni miaka ishirini na miwili, na mama peke yake ndiye aliyenisikia nikiisema.

Watu wanadhani nilikuja huku kwa sababu napenda kelele. Nilikuja nikiwa na miaka ishirini, kufagia tu. Siku ya kwanza nikaona msimamizi amesimamisha mlima mzima kwa sababu mtu mmoja hajaonekana kwenye hesabu. Walimkuta chooni. Watu mia wakamngoja mtu mmoja amalize haja yake, ndipo baruti ikalipuliwa. Nikasema, mimi nitakaa hapa.

Lile paa la uongo nililibuni mimi. Mama alikubali tu kwa kunihurumia. Nisamehe.

Kaka


Tarehe 2 Mei

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole, na asante. Zote tatu zipokee pamoja. Risiti yako ya kokoto ilifika siku moja na barua yako ya tarehe 14, ina mafuta ya gari na alama ya kiatu. Nilimpa shemeji yako aisome. Akaisoma amesimama, kisha akasema, "Kumbe mwandiko wa kaka yako ni mbaya hivi." Akaikunja, akaitia kwenye pochi yake, hajanirudishia.

Sasa nikuambie jambo, mimi mwenye elimu ya kulala. Uliambiwa utazame kama pipa lina kitu. Ulitazama, hukukiona. Mvuke hauonekani, kaka, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema ulichokiona. Na mimi nami niliyatikisa ya kwangu nikakuandikia hakuna hata tone, na nina akili timamu na mtoto mmoja. Ungekuwa na mtu wa kumwandikia wakati ule, ungeuliza. Hukuwa naye. Mama naye anasema hivyo hivyo, na anasema uje mwezi wa sita ukae wiki mbili, apime kama sikio lako bado linasikia akikugombeza.

Nikusimulie sinema yao. Yule mzee wa miwani alituhesabu wote tuliokwenda kutazama, akafika kwa mtoto akaniuliza, "Huyu nimwandike mmoja au nusu?" Nikamwambia mmoja, na kelele zake ni za watu watatu. Tulikaa mbali, kule kwenye uzio wa mbao. King'ora kikalia mara tatu. Nikajishika masikio. Kaka, mlio wenyewe ulikuwa pu! Kama mtu ameangusha gunia la viazi. Nikamuuliza mzee, "Ndiyo hivyo tu?" Akasema mlio wa kutisha watauweka baadaye, wamekaa kwenye viti. Lakini moto ulipendeza. Ulijikunja wa chungwa ukapanda, joto likatugusa mashavu, na mapipa ya bati yakaruka kama kuku waliotupiwa jiwe. Shemeji yako alikuwa anatembea mbali kabisa, kama goli moja na jingine. Ila nilipoonyeshwa kwenye kioo chao, moto ulikuwa kwenye kola ya shati lake. Nilipiga kelele ingawa nilikuwa nimemshika mkono yeye mwenyewe.

Na kumbe aligeuka.

"Kata! Fundi, mbona umegeuka?" Mama Kofia akauliza.

"Nilitaka kuona kama wote wapo."

Wakaandaa tena. Akageuka tena. Mara ya tatu Mama Kofia akamsihi, "Fundi, shujaa hageuki." Shemeji yako akamjibu, "Basi huyo hana mke." Watu walicheka, lakini kazi wakampa seremala wa kiwandani, ambaye mabega yake ni kama ya chupa. Shemeji yako alinuna siku mbili. Sasa anasema atakayeitazama sinema ile kwa makini atauona mgongo wake, hatua nne.

Nilitaka niishie hapo, lakini kuna jambo linatokea sasa hivi, mbele yangu, kalamu iko mkononi.

Amekuja mtu na tangi la mafuta la lori, linavuja, anataka liungwe leo leo. "Ni tupu fundi, nimelimwaga jana," akasema. Nikaacha kuandika. Nilitaka kusikia shemeji yako atasema nini. Shemeji yako alilizunguka lile tangi, akasema, "Hilo siligusi." Yule mtu akamwita mwoga, akamwita fundi wa mapipa ya kuigiza. Shemeji yako akachukua ufagio akaanza kufagia. Mtu akabeba tangi lake, akavuka barabara kwa fundi wa upande wa pili, yule asiyekataa kazi.

Nilifurahi, kaka. Nilishika kalamu nikuandikie kwamba amekataa mwenyewe, wala sikumtuma, na kwamba hilo ndilo nililokuwa nalitaka tangu Machi. Ila naona anafagia mahali pale pale mara ya pili. Mara ya tatu. Halafu ufagio ukaanguka, na yeye huyo, mbio. Kiatu kimoja kimebaki hapa kizingitini.

Nawaona kutoka nilipo. Amesimama kati ya tangi na yule fundi, mikono ameipanua kama mtu anayezuia ng'ombe. Mwenye tangi anamvuta shati. Fundi mwenzake ana kiberiti mkononi na anacheka, na shemeji yako amemkamata kifundo cha mkono. Sasa kiberiti kimeanguka. Amekikanyaga kwa mguu usio na kiatu. Wote watatu wanasema kwa pamoja na sauti ya juu ni ya kwake, anasema habari za mvuke, anazichanganya vibaya, amesema hewa mahali pa petroli.

Mtoto nimempa mama. Wao ni wawili na yeye ni mmoja. Ngoja nivuke, tuwe sawa.

Mdogo wako